Mafuta na Krimu Kabla ya Kunyoa: Je, Yanasaidia?

Kwenye maduka ya vipodozi na kwa vinyozi, wakaazi wengi hukuta vichupa vya mafuta na mikebe ya krimu ya kupaka usoni kabla ya wembe kupita. Ahadi huwa ni moja: vipele vitaisha na ndevu zitanyoleka bila uchungu. Makala haya yanaeleza kazi ambayo bidhaa hizo hufanya, kazi ambayo haziwezi kufanya, na mambo yanayokinga ngozi zaidi, hata kwa mtu ambaye uwezo wake ni sabuni na wembe tu.

Maji ndiyo ya kwanza

Udevu mkavu ni mgumu. Ukiloweshwa, hunyonya maji, huvimba na kulainika, na wembe huukata bila kutumia nguvu nyingi. Kulainika huko huchukua dakika 2 hadi 3. Maji ya uvuguvugu huharakisha kazi hiyo. Maji baridi pia hulainisha, ila yanahitaji muda zaidi. Ndiyo maana kunyoa mara tu baada ya kuoga huwa rahisi kuliko kunyoa kabla ya kuoga.

Sabuni huondoa jasho, vumbi na mafuta ya ngozi ili maji yafike kwenye udevu. Mtu anayejimwagia maji mara moja na kuanza kunyoa papo hapo hajaupa udevu nafasi ya kulainika, na hakuna mafuta yatakayoziba pengo hilo.

Mafuta hufanya nini?

Mafuta hayalainishi udevu jinsi maji yanavyofanya. Kazi yake ni utelezi. Hutandaza utando mwembamba juu ya ngozi ili wembe uteleze badala ya kukwaruza. Mtu mwenye ngozi kavu, au anayewashwa kila anaponyoa, anaweza kuona nafuu.

Yakipakwa kwenye ndevu kavu, mafuta huzuia maji kuingia. Mpangilio unaofaa ni maji kwanza, kisha matone machache ya mafuta, halafu povu juu yake. Yakizidi, hugandana na ndevu zilizokatwa na kuziba nafasi kati ya nyembe, hasa kwenye wembe wenye makali mawili au zaidi. Mafuta mazito kama ya nazi yanaweza pia kuziba vinyweleo na kuleta chunusi kwa mtu mwenye ngozi ya mafuta.

Krimu na povu ni tofauti kidogo. Zina maji na sabuni ndani yake, hivyo hushikilia unyevu kwenye udevu wakati wa kunyoa na pia huleta utelezi. Kwa mtu anayelazimika kuchagua kitu kimoja, krimu au sabuni ya kunyolea inayotoa povu zito ina manufaa zaidi kuliko mafuta.

Bidhaa zenye manukato makali huweza kudhuru ngozi. Ni vyema kuzijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, na kungoja siku moja au mbili. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, bidhaa hiyo isitumike usoni.

Jinsi ya kujipimia nyumbani

Mtu anayetaka kujua kama mafuta yanamfaa anaweza kufanya jaribio rahisi. Aloweshe uso mzima kwa dakika 3. Apake mafuta shavu la kulia pekee, kisha apake povu pande zote mbili na kunyoa kwa wembe uleule mpya. Afanye hivyo kwa wiki mbili, akichunguza vipele, mikwaruzo na muwasho kila upande. Pande zote zikifanana, pesa ya mafuta inaweza kununua nyembe.

Kwa nini vipele hutokea

Vipele vya kunyoa huwapata sana watu wenye nywele za kujikunja, wakiwemo Waafrika wengi. Udevu uliokatwa karibu mno na ngozi hubaki na ncha kali. Unapokua hujipinda, hurudi na kuchoma ngozi, na mwili huleta uvimbe kama unaopambana na mwiba. Mafuta hayawezi kunyoosha udevu uliojikunja. Yanayosaidia ni haya:

- Kunyoa kwa kufuata upande ambao ndevu zimelalia.
- Kutovuta ngozi wala kukandamiza wembe.
- Kutumia wembe mkali wenye makali mamoja na kuusuuza kila baada ya kupitisha.
- Kupitisha wembe mara chache mahali pamoja.
- Kutochokonoa vipele kwa sindano wala kucha.

Mwenye vipele visivyoisha anashauriwa kuacha wembe kwa takriban wiki 4, au kutumia mashine inayoacha ndevu fupi badala ya kung'oa hadi kwenye ngozi. Krimu za kuchubua ngozi zisitumiwe kuondoa madoa yanayobaki. Zile zenye zebaki zimepigwa marufuku nchini.

Kwa kinyozi

Hatari kubwa zaidi kwenye kiti cha kinyozi ni damu ya mteja aliyetangulia. Wembe unaotumiwa na watu wengi unaweza kueneza virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi hata kwenye damu iliyokauka. Virusi vya Ukimwi pia huenea kupitia damu.

Mteja ana haki ya kuona wembe mpya ukifunguliwa mbele yake, au kuja na wake. Kumpaka spiriti usoni hakusafishi wembe uliotumika. Mashine nayo iondolewe nywele kwanza, kisha isafishwe kwa dawa, kwani uchafu huzuia dawa kufika kwenye vijidudu. Jiwe la shabu husimamisha damu ya mkato mdogo, lakini jiwe moja lisisuguliwe kwenye nyuso za wateja tofauti.

Wakati wa kumwona mhudumu wa afya

Wakaazi wanahimizwa kufika kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu iwapo vipele vina usaha, vinauma au vinaenea, iwapo kuna homa, au iwapo uvimbe mgumu unaota kwenye kidevu au kisogoni. Uvimbe wa kisogoni ukitibiwa mapema, uwezekano wa kukua na kuacha kovu kubwa hupungua. Aliyekatwa kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine aoshe kidonda kwa maji na sabuni na kufika kituoni siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema.