Ubongo, Mwili na Lugha ya Mguso: Mfano wa Rodi Kopany

Utangulizi

Makala hii inachunguza namna ubongo unavyouwakilisha mwili, kisha inalinganisha uwakilishi huo na majina ya viungo katika Kiswahili na Kijaluo. Mfano wetu ni Rodi Kopany, soko la Kaunti ya Homa Bay lililo kwenye njia panda, ambako Kijaluo kimetawala na Kiswahili huwaunganisha wenyeji na wageni.

Ramani ya ubongo

Mnamo 1937, Wilder Penfield na Edwin Boldrey wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya upasuaji wa wagonjwa waliokuwa macho. Waliposisimua kwa umeme hafifu ukanda wa ubongo unaopanda kutoka usawa wa sikio hadi utosini, wagonjwa walihisi mguso katika viungo mbalimbali. Mguso wa upande mmoja wa mwili hupokewa hasa na upande wa pili wa ubongo. Aidha, eneo la kiungo katika ramani hiyo hutegemea wepesi wake wa kuhisi, wala si ukubwa wake: midomo na vidole vina eneo pana kuliko mgongo mzima.

Ramani ya lugha

Katika Kiswahili, mkono huanzia begani hadi ncha za vidole. Kijaluo hutenga bat, sehemu ya begani kushuka, na lwedo, yaani kitanga na vidole. Hata hivyo, lugha hizi hukutana katika kitenzi: winjo, kama kusikia, hubeba maana ya sauti na ya hisia za mwili. Kwa hiyo "nasikia ganzi" si kosa la athari ya lugha mama.

Tatizo liko katika nomino. Mgonjwa anayemwambia tabibu mgeni "nasikia ganzi mkononi" hajabainisha mahali. Ganzi ya vidole yaweza kutokana na neva iliyobanwa kwenye kifundo. Ganzi ya ghafla ya mkono mzima yaweza kuwa dalili ya kiharusi, ambapo kuchelewa hugharimu uhai.

Hitimisho

Kiswahili hakina upungufu: bega, kiwiko, kigasha, kitanga na kiganja vipo. Kilichopungua ni kuvifundisha. Ni wajibu wa walimu wa Kiswahili kuyapa maneno haya nafasi darasani, ili msemaji aweze kuonyesha kwa neno pale ambapo ubongo wake umekwisha kupatambua.