HISABU KATIKA SKULI ZA SEKONDARI NA HAJA YETU KWAYO

Wako miongoni mwetu, watu wa Mwambao, wanaoigawanya elimu mafungu mawili: fungu la dini, nalo wanaliheshimu, na fungu la dunia, nalo wanaliona kuwa ni la kutafutia riziki tu. Hisabu wameitia katika fungu hili la pili. Mtoto akishindwa kusoma Kur'ani hukaripiwa, na ndivyo inavyopasa. Lakini akirudi skulini na alama mbovu za hisabu, babake husema, "Hata mimi sikuiweza," na maneno yakaishia hapo. Twapenda kuonyesha katika somo hili kwamba mgawanyo huo hauna asili katika dini yetu, na kwamba madhara yake yamo ndani ya majumba yetu.

Tuanze na mirathi, kwa kuwa haimpiti mtu. Mwenyezi Mungu Mtukufu ametaja mafungu ya warithi katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Hizo ni sehemu zile zile anazofundishwa mtoto na mwalimu wake wa hisabu, hazina tofauti yoyote. Basi mtazame mtu aliyefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti wana thuluthi mbili, baba ana sudusi na mama ana sudusi. Tukizitia sehemu hizi katika asili moja, nayo ni 24, mke apata 3, mabinti 16, baba 4 na mama 4. Zijumlishe: ni 27. Mafungu yameizidi mali.

Asiyejua hisabu atafanya nini hapa? Ataanza kuwapa wale wenye sauti kubwa, na yule atakayefikiwa mwisho, aghalabu ni mwanamke, ataambiwa mali imekwisha. Wanazuoni wamelitengeneza jambo hili kwa njia iitwayo 'aul: asili hupandishwa kutoka 24 mpaka 27, na kila mmoja akapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Mali ikiwa ni shilingi 540,000, kila fungu moja ni shilingi 20,000. Mke apata 60,000, mabinti 320,000 kwa wote wawili, baba 80,000 na mama 80,000. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali, Mwenyezi Mungu amridhie, aliulizwa suala hili naye yu juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imegeuka kuwa sehemu moja katika tisa. Ndiyo kwa maana likaitwa suala la Minbariyya. Msomaji na apime: 3 katika 27 si sehemu moja katika tisa?

Kweli, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imeziachia Mahakama za Kadhi mambo ya mirathi ya Waislamu. Lakini mara ngapi mali hugawanywa ukumbini, kwa kauli ya kaka mkubwa, kabla jambo halijafika kwa Kadhi? Binti aliyesoma hisabu mpaka akaielewa aweza kuomba karatasi na kalamu akasema, "Tuonyesheni hesabu yenu."

Haja hii ya mirathi ndiyo mojawapo ya sababu zilizoleta elimu ya al-jabri duniani. Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad katika zama za Khalifa Al-Ma'mun (aliyetawala tangu 813 hata 833), alitunga kitabu chake cha Al-Jabr wal-Muqabala ili watu wapate msaada katika urithi, wasia, mgawanyo, biashara na upimaji wa ardhi. Sehemu ndefu ya mwisho ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Elimu yenyewe imechukua jina la kitabu, na kanuni zinazofuatwa na mashine za kompyuta, yaani algoriti, zimechukua jina la mtungaji. Kijana wetu anayekaa darasani akadhani kwamba amelazimishwa elimu ya Wazungu hajaambiwa khabari hizi. Na aliyepaswa kumwambia ni sisi.

Sasa tutazame namna anavyofundisha Al-Khwarizmi, kwani hapo pana faida kwa waalimu wetu wa sekondari. Asema: upo mraba usiojulikana upande wake, ukiuongezea mara kumi ya upande huo, jumla ni 39. Upande ni kiasi gani? Katika skuli nyingi mwanafunzi hupewa kanuni ndefu ya herufi akaihifadhi, akaitapika siku ya mtihani, na baada ya mwezi haimo tena kichwani. Al-Khwarizmi hakufanya hivyo. Achora ule mraba. Kisha ile kumi aigawa nusu mbili, tano na tano, na kila nusu aifanya mstatili wenye upana wa 5, mmoja aubandika ubavuni mwa mraba na wa pili chini yake. Umbo lote lina eneo la 39, ila pembeni limebaki pengo. Pengo hilo ni mraba mdogo wa 5 kwa 5, yaani 25. Lizibe, na umbo zima limekuwa mraba mkubwa wa 39 na 25, nao ni 64. Upande wa mraba wa 64 ni 8. Toa ile 5 iliyoongezwa, ibaki 3. Jaribu: 3 kwa 3 ni 9, na mara kumi ya 3 ni 30, jumla ni 39.

Mtoto aliyeliona pengo lile likizibwa hatausahau mlango huu, na akiisahau kanuni aweza kuitoa tena mwenyewe. Hii ndiyo tofauti ya kufundisha kwa hoja na kufundisha kwa kukaririsha. Na hata katika mambo madogo ni vivyo hivyo. Watoto huambiwa kwamba kugawanya kwa robo ni kuzidisha kwa nne, wala hawaambiwi kwa nini. Mwalimu na aje na mchele. Pishi moja ni vibaba vinne, na kibaba ni robo ya pishi. Basi pishi tatu zina vibaba vingapi? Kumi na viwili. Jambo limekwisha, bila ya fimbo. (Fimbo yenyewe imepigwa marufuku na sheria, na wako wanaoililia, sisi hatuililii.)

Faida ya kuzoea hoja haikomi darasani. Leo kijana hukopa kwa simu iliyo mkononi mwake. Aambiwa: shilingi 10,000, nyongeza ni kumi kwa mia tu kila mwezi. Neno "tu" ndilo linalomwangusha. Riba ni haramu, na hukumu yake haingoji hesabu. Lakini hesabu yamwonyesha mtu shimo lilivyo. Deni lisipolipwa, na nyongeza ikawa yazaa nyongeza, mwezi wa nane limekwisha pita mara mbili, ni 21,436. Na mwaka ukitimia ni 31,384. Somo hili limo katika vitabu vya sekondari.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo lililo mbele ya wazazi sasa. Mwaka 2025, baada ya mjadala mkubwa juu ya kuifanya hisabu kuwa ya hiari katika sekondari ya juu, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: wa njia ya sayansi na ufundi hisabu kamili, na wa njia nyingine mbili hisabu iliyo nyepesi zaidi. Kundi la kwanza liliingia Januari 2026. Mzazi asimwache mtoto mwenye uwezo kuchagua njia kwa kuikimbia hisabu. Uhandisi hauingiliki bila ya hisabu, na bandari iliyo mlangoni mwetu yataka wahandisi.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa Mwambao wazitafute elimu za zama zao pamoja na dini yao. Baadaye, katika miaka ya 1950, kilifunguliwa Mombasa chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana wa Kiislamu, nacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Majengo yapo. Anayetoka Kisauni au Majengo hana safari ndefu ya kukifikia.

Walio na vijana wa sekondari nyumbani na wawape suala hili, walifanye mbele yao na watoe sababu ya kila hatua: mwanamke amefariki, hakuacha mtoto wala mzazi, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mume ana nusu, madada wana thuluthi mbili. Mali, baada ya kulipwa deni na kutimizwa wasia, ni shilingi 420,000. Kila mmoja apata kiasi gani?