Kwa Nini Pikapu Tupu Hurukaruka: Tairi, Mzigo na Mtikisiko

Katika barabara za vumbi ziungazo mashamba ya nyanya na mji mdogo wa Ilula, mkoani Iringa, pikapu iliyosheheni matenga hupita juu ya mashimo kwa mtikisiko wa pole, hata mkulima aliyeketi kando ya dereva huweza kusinzia. Gari hilohilo likirejea shambani tupu hurukaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, na utingo aliye nyuma hulazimika kushika bodi kwa mikono miwili. Barabara haikubadilika, wala springi hazikubadilishwa. Kilichopungua ni mzigo tu. Madereva wengi hulaumu springi, na kwa kiasi fulani wana haki. Lakini ipo springi ya pili isiyotajwa sana, nayo ni hewa iliyomo ndani ya tairi.

Ubavuni mwa tairi la pikapu ndogo huweza kusomwa maandishi kama haya: 195R14C 106/104Q 8PR. Tarakimu 195 ni upana wa tairi kwa milimita. R huonyesha mpangilio wa nyuzi zake. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Na C huonyesha kuwa ni tairi la gari la mizigo midogo. Namba 106 ndiyo kipimo cha mzigo. Si kilo, bali ni namba ya jedwali la kimataifa: 100 ni kilo 800, 106 ni kilo 950, 112 ni kilo 1120, na 121 ni kilo 1450. Namba ya pili, 104, yaani kilo 900, hutumika pale magurudumu mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja. Herufi Q ni kikomo cha mwendo, kilometa 160 kwa saa. Ama 8PR, hiyo ni kumbukumbu ya zama ambapo matairi yalifumwa kwa pamba na nguvu yake kuhesabiwa kwa tabaka za kitambaa. Tairi la siku hizi lenye alama hiyo lina nguvu ya tabaka 8 za kale, lakini si lazima liwe na tabaka 8. Nyuzi za sasa ni imara zaidi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba tairi la namba kubwa hubeba mzigo mkubwa kwa sababu mpira wake ni mnene. Kwa kweli kinachobeba gari ni hewa. Kazi kubwa ya nyuzi na mpira ni kuizuia hewa hiyo isitoke wala kulipasua tairi. Kwa hiyo namba ya mzigo hueleza hasa jinsi tairi linavyoweza kuhimili kanieneo kubwa, au kwa lugha ya madereva, upepo mwingi. Tairi lililotajwa hubeba kilo zake 950 likiwa na kanieneo ya kilopaskali 450, yaani pauni 65 kwa inchi ya mraba. Likiwa na upepo mdogo kuliko huo, uwezo wake hushuka, ingawa namba 106 ingali imeandikwa palepale.

Inafaa kukumbukwa kwamba tairi la upepo lilipata umaarufu kwa ajili ya starehe, si mzigo. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alilitengeneza mnamo 1887 ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimtikise mno, akapata hataza mwaka uliofuata.

Sasa na ichukuliwe pikapu ambayo kila gurudumu la nyuma hubeba kilo 400 gari likiwa tupu, na kilo 850 likiwa na shehena. Katika kilo hizo, 100 ni za gurudumu lenyewe na sehemu yake ya ekseli, ambazo hazikai juu ya springi. Ugumu wa springi ukadiriwe kuwa nyutoni 50 kwa kila milimita, na kilo moja ihesabiwe kuwa nyutoni 10. Gari likiwa tupu, springi hubonyea milimita 60. Likiwa na shehena, milimita 150. Idadi ya mitikisiko kwa sekunde hupatikana, kwa kukaribia, kwa kugawa 5 kwa kipeuo cha pili cha mbonyeo uliopimwa kwa sentimita. Gari tupu hupata mitikisiko 2 kwa sekunde, na lenye shehena 1.3. Mtikisiko wa polepole ndio mwili huuvumilia vizuri zaidi. Mtu aliyeketi hutaabishwa hasa na mitikisiko ya kupanda na kushuka ya kati ya 4 na 8 kwa sekunde. Basi springi iliyoundwa kwa ajili ya matenga hailigusi tatizo la gari tupu, huliongeza.

Springi, hata hivyo, hushughulikia mashimo makubwa na mabonde. Jiwe dogo na ncha kali hukutana kwanza na tairi. Tuseme tairi lenye kilopaskali 450 lina ugumu wa nyutoni 400 kwa milimita, na likipunguzwa hadi kilopaskali 250 ugumu huwa 250. Hizi ni tarakimu za mfano, lakini uhusiano wake ni wa kweli: upepo ukizidi, ugumu huzidi. Jiwe la kimo cha sentimita 1 litasukuma ekseli kwa nyongeza ya nyutoni 4000 katika hali ya kwanza, na 2500 katika ya pili. Huo ndio mgongo wa utingo.

Lakini jambo zito zaidi haliko mgongoni. Tairi gumu lililobeba kilo 400 tu limebonyea milimita 10 pekee. Ardhi ikishuka ghafla zaidi ya milimita hizo 10, kabla springi haijawahi kulisukuma gurudumu chini, tairi huachana na barabara. Tairi la kilopaskali 250 limebonyea milimita 16, hivyo huifuata ardhi kwa kina zaidi. Gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halizuii gari kuteleza. Kwenye barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati, yenye mikunjo ya sentimita 70 hivi, gari liendalo kilometa 25 kwa saa hupigwa karibu mara 10 kila sekunde, na hiyo ni karibu na idadi ambayo gurudumu na ekseli hupenda kurukia vyenyewe. Dereva huongeza mwendo ili gari litulie. Hutulia kweli, kwa sababu magurudumu huruka kutoka mgongo hadi mgongo. Usukani nao huwa mwepesi kwa namna isiyopendeza.

Wapo wanaotafuta nafuu kwa kufunga matairi ya gari dogo la abiria. Tairi la 185/70R14 lenye namba 88 huingia katika rimu ya inchi 14, na kwa hakika ni laini. Lakini 88 ni kilo 560. Likipewa kilo 850, ubavu hujikunja kupita kiasi, na katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa hujikunja na kujinyosha zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Kazi hiyo hugeuka joto ndani ya mpira, mshikamano wa tabaka hulegea, na tairi hupasuka, mara nyingi mbali na shamba na karibu na watu. Kosa la upande wa pili ni dogo lakini lipo. Katika kipimo cha 265/70R17 huuzwa tairi la namba 115, kilo 1215, na pia la mizigo lenye namba 121, kilo 1450. Hili la pili ni zito, mbavu zake ni ngumu hata upepo ukipunguzwa, na huhitaji upepo mwingi zaidi kuliko la kwanza ili kubeba mzigo uleule. Asiyebeba shehena kubwa hununua mtikisiko kwa fedha zake.

Njia iliyo sahihi ni tairi lenye uwezo wa kutosha kwa shehena kamili, na upepo ubadilishwe kufuata mzigo. Magari mengi yana kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinachotoa kipimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Upepo upimwe kwa geji, tairi likiwa baridi, na urejeshwe kabla ya matenga kupakiwa, si baada ya safari kuanza.

Darasa laweza kulihakikisha jambo hili kwa jeki, chaki na karatasi ya miraba. Gari likiwa mahali tambarare, magurudumu mengine yazuiwe kwa kabari, na mtu yeyote asiingie chini yake. Gurudumu moja la nyuma liinuliwe, kashata zake zipakwe chaki, kisha lishushwe juu ya karatasi na kuinuliwa tena. Eneo lote lililo ndani ya mpaka wa alama lihesabiwe kwa sentimita za mraba. Kilopaskali 250 ni nyutoni 25 kwa kila sentimita ya mraba. Eneo la sentimita za mraba 160 litatoa nyutoni 4000, yaani kilo 400. Jaribio lirudiwe kwa kilopaskali 450, na wanafunzi wakadirie eneo kabla ya kulipima. Kisha jibu lilinganishwe na uzito wa mizani, na darasa lieleze tofauti itakayoonekana imebebwa na nini.