Nguo ya gome: maswali ya wasanii wa Baraka na Fizi

Kabla ya pamba na kaniki kuenea, watu wengi wa nchi za Maziwa Makuu walivaa nguo ya gome la mti. Sasa wasanii na wahandisi wa Uganda wameishika upya, na mafundi cherehani wa huku kwetu wanauliza kama ina faida kwao.

Inatengenezwaje?

Mti wenyewe ni mutuba, ndugu wa mkuyu. Wakati wa mvua, fundi hukwangua ganda la nje, kisha hubandua gome la ndani kwa uangalifu bila kuumiza shina. Shina lililoachwa uchi hufungwa majani ya mgomba, na gome jipya huota. Gome lililobanduliwa hulainishwa kwa mvuke au maji ya moto, halafu hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji: kwanza ile yenye mifereji mipana, mwisho ile yenye mifereji myembamba. Kazi hufanyika bandani ili gome lisikauke upesi. Linapanuka mara kadhaa na kuwa laini, na jua hulipa rangi ya udongo mwekundu. Mti mmoja ukitunzwa huvunwa kila mwaka kwa miaka mingi. UNESCO iliutambua ufundi huu wa Waganda mwaka 2005, ikauingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008. Majirani zetu wa Burundi na Rwanda nao walikuwa na nguo yao ya gome, impuzu.

Wasanii gani wanaifanyia kazi?

José Hendo, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi London, huibunia mavazi akiichanganya na vitambaa vilivyokwisha kutumika. Acaye Kerunen hufuma na kushona magome, ukindu na nyuzi nyingine za mimea pamoja na wanawake wasusi; mwaka 2022 yeye na Collin Sekajugo waliwakilisha Uganda kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, banda la kwanza la nchi hiyo huko, nalo likatajwa kwa heshima na waamuzi. Mimi lakini namtazama zaidi Fred Mutebi, mchoraji wa chapa za mbao. Yeye alishuka hadi kwa wakulima wa Bukomansimbi akashughulika na upandaji wa miti. Msanii asiyejua malighafi yake inaota wapi ni mnunuzi tu, hata akiwa hodari.

Na sayansi inaingia wapi?

Inaingia pale nguo inapokutana na maji. Kitenge kina nyuzi zilizofumwa, wima na mlalo. Nyuzi za gome zimeshikana zenyewe jinsi zilivyoota, kwa hiyo likilowa linalegea na kuchanika. Mhandisi Samson Rwahwire wa Chuo Kikuu cha Busitema, Uganda, aliliosha gome kwa magadi makali ili gundi ilishike vizuri, akaligandisha kwa utomvu wa viwandani, akapima nguvu yake. Lengo lilikuwa paneli za ndani ya magari. Matokeo yanatia moyo, ingawa mtu asidanganyike: ukitumia gundi iliyotokana na mafuta ya petroli, nusu ya sifa ya kutunza mazingira imeondoka.

Sayansi ya fundi wa Baraka inaweza kuanza na ndoo na daftari. Chemsha maganda ya vitunguu au manjano, tia shabu kidogo rangi ishike, kata vipande sawa vya gome, vichovye humo, anika kimoja juani na kingine kivulini. Andika uzito, muda na tarehe. Kisichoandikwa, mwakani utakianza upya.

Dada mmoja wa soko la Baraka anauliza: itaua biashara ya bitenge?

Hapana, dada yangu. Hakuna atakayefua gome kila Jumamosi ziwani. Nafasi yake ni mikoba, majalada ya vitabu, vifuniko vya taa, mapambo ya ukutani. Hata hivyo kuna jambo moja la kupima. Kalemie walikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, Filtisaf. Mashine zake zilipozimika, kazi ilizimika nazo. Gome halingoji umeme wala barabara.

Je, tubandue miti ya msitu wa Itombwe?

Msithubutu. Fundi mgeni atakata hadi kwenye mti wenyewe, nao utakufa. Mituba na jamaa zake huota kwa vipandikizi: kata tawi, lisimike ardhini mvua zinapoanza, kama mnavyofanya ua wa shamba. Kwa kawaida itapita miaka 5 hadi 10 kabla ya kuvuna mara ya kwanza. Kwa hiyo enyi vyama vya washonaji wa Fizi na Baraka, ombeni wazee wawaonyeshe miti ya jamii hiyo iliyoko karibu, mkapande mipakani mwa mashamba yenu mvua hizi, kabla ya kununua hata nyundo moja.