Maktaba Inapofungwa kwa Ajili ya Janga

Machi 2020, Chama cha Maktaba cha Marekani kilizishauri maktaba za umma zifunge milango kwa sababu ya korona. Siku chache baadaye kikazihimiza zisizime Wi-Fi. Msimu wa majani kupukutika ulipofika, shule nyingi zikiwa bado zinafundisha kwa intaneti, familia zisizo na mtandao nyumbani ziliegesha magari nje ya maktaba na watoto wakafanyia kazi zao za shule humo garini. Waliyobuni wakutubi na majirani mwaka ule yafaa kukumbukwa, maana magonjwa ya mlipuko hurudi.

Tuanze na kuazima. Maktaba nyingi ziliweka utaratibu wa kuchukulia vitabu nje: unaagiza kwa simu au kwenye tovuti, mkutubi anakitoa kitabu rafuni na kukitia kwenye mfuko, nawe unaufuata mlangoni kwa saa uliyopangiwa. Hujui uagize nini? Mtajie mkutubi umri wa mtoto na mambo yanayomfurahisha, kisha umwachie achague. Usione haya kumsumbua. Hiyo ndiyo kazi aliyoisomea. Na kama una kitabu ulichokichelewesha tangu zamani, usiikimbie maktaba kwa kuogopa faini. Uliza kwanza. San Francisco na Chicago zilikwisha kuzifuta mwaka 2019, kabla ya janga.

Kitabu kikifika nyumbani, usikipulizie dawa wala usikitie kwenye maikrowevu. Wapo waliojaribu. Vitabu vingi vya maktaba vina kibandiko chenye chuma ndani, na maktaba moja ya Michigan ilitoa onyo hadharani baada ya kurudishiwa kitabu kilichoungua. Maabara ya Battelle, ikishirikiana na shirika la OCLC, ilipima virusi kwenye karatasi na majalada. Vitabu vilivyotandazwa kimoja kimoja havikuonyesha virusi hai baada ya siku 3. Vilivyorundikwa vilionyesha hata baada ya siku 6. Hata hivyo, baadaye ilibainika wazi kuwa korona huenea zaidi kwa hewa. Kwa hiyo nawa mikono, lakini tilia mkazo zaidi barakoa na dirisha lililo wazi unapokutana na anayekukabidhi kitabu.

Sasa wema, ambao kwangu ndio kiini cha habari hii. Wakutubi wa San Francisco walifunzwa kuwafuatilia kwa simu watu waliokutana na wagonjwa. Mjini Toronto, matawi ya maktaba yaliyofungwa yaligeuzwa vituo vya kugawa chakula. Kwingineko wakutubi waliwapigia simu wazee waliokuwa wakiishi peke yao.

Simu ya namna hiyo hata wewe unaweza kuipiga, ila ipange. Chagua siku na saa, uishike ahadi, kwa sababu mzee mpweke huanza kuingoja mapema. Usimuulize afya tu, kama daktari. Muulize anasoma nini, na ikiwa macho yamechoka, msomee kurasa chache. Ukimchukulia vitabu, omba ruhusa ya kutumia kadi yake, vifunge visilowe mvua, viweke mlangoni, bisha hodi na usogee mbali. Msubiri atoke, msalimiane. Kama ni mzee aliyehamia mtaani kwenu kutoka Kongo na Kiingereza kinamshinda, ulizia vitabu vya Kiswahili kwa niaba yake. Visipokuwapo, omba viagizwe. Maktaba nyingi hupokea maombi ya wasomaji, na ombi lisilotolewa haliwezi kujibiwa.

Kuhusu wakutubi wenyewe, shukrani ya mdomo huwafurahisha, lakini bajeti yao hupangwa na watu wasiokuwapo pale mlangoni. Waandikie madiwani barua fupi. Taja tawi, taja msaada uliopata, na useme nani nyumbani kwako angeukosa kama tawi lile lisingekuwapo. Itume kabla kikao cha bajeti hakijafanyika.