Jina Lako Ni Nani Katika Babeli?

SOMO LA MWEZI KWA FAMILIA NA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Andiko la msingi: Danieli 1:1-8
Soma pia: Danieli 6:10-13, Zaburi 137, Yeremia 29:4-7, Ufunuo 7:9



Mwezi huu tunajifunza jambo ambalo wengi hapa makazini wanalibeba kimya. Tulipokimbia Kivu na Ituri tuliacha mashamba, ng'ombe na nyumba, na hasara hiyo kila mmoja anaweza kuihesabu. Lakini kuna mali nyingine iliyopotea njiani na haikuandikwa katika karatasi yoyote: lugha ya mama, heshima ya mzee, namna ya kuzika na kulia wafu wetu, majina yenye maana. Mtu akiishiwa na hayo yote hubaki akijiuliza, "Sasa mimi ni nani?" Swali hilo likikosa jibu kwa muda mrefu, moyo na akili huanza kuugua.

1. DANIELI ALIPEWA JINA JINGINE

Nebukadreza alipowachukua vijana wa Yuda, yapata mwaka 605 kabla ya Kristo, aliagiza wafundishwe lugha na elimu ya Wakaldayo na wale chakula chake. Mkuu wa matowashi akawapa majina mapya. Danieli, maana yake "Mungu ni mwamuzi wangu", akaitwa Belteshaza, jina ambalo mfalme mwenyewe anasema limetokana na jina la mungu wake (Danieli 4:8). Watawala hao walijua kwamba ukitaka kumtawala mtu kabisa, uanze na jina lake.

Sisi Wakongomani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Mwaka 1971 nchi yetu iliitwa Zaire. Mwaka 1972 watu waliamriwa kuacha majina yao ya ubatizo na kuchukua ya asili. Mwaka 1997 nchi ikarudia jina la Kongo. Majina yalibadilishwa kwa amri, lakini amri ya serikali haiwezi kumwambia mtu yeye ni nani moyoni.

Angalia hekima ya Danieli. Alijifunza lugha ya Babeli, akashinda katika masomo, akafanya kazi ya serikali. Jina jipya hatusomi kwamba aliligombania. Lakini chakula cha mfalme alikikataa, na maombi hakuyaacha. Alipambanua lipi lipokelewe na lipi lisiguswe.

Sasa soma Danieli 6:13. Babeli imekwisha kuanguka, mwaka 539 kabla ya Kristo, na Danieli ni mzee. Amekaa ugenini zaidi ya miaka 60 na amekuwa mkubwa serikalini, lakini adui zake bado wanamtaja kuwa mmoja wa mateka wa Yuda! Neno hilo halikumvunja, kwa sababu hakuwangoja wao wamwambie yeye ni nani. Mara 3 kila siku alipiga magoti kwenye madirisha yaliyoelekea Yerusalemu.

2. NJIA NNE ZA KUISHI UGENINI

Mtaalamu wa saikolojia wa Kanada, John Berry, alichunguza kwa miaka mingi watu wanaohamia kwa wageni, akaona wanafuata moja ya njia nne.

(a) Kumezwa. Mtu anatupa yote ya kwao na kuchukua ya wageni. Kijana anajifanya hajui Kibembe wala Kihema, na anamkana mama yake mbele ya rafiki zake.

(b) Kujifungia. Mtu anakataa yote ya wageni. Hajifunzi Kinyankole wala Kiingereza, halimi kwa bidii, kwa kuwa "kesho tunarudi".

(c) Kukosa pande zote mbili. Ya kwao yamempotea na ya ugenini hayakumpokea. Hana pa kusimama. Hapa ndipo wengi wanapoangukia katika pombe na kukata tamaa.

(d) Kushika pande zote mbili. Mtu anatunza ya kwao yaliyo mema na kupokea mema ya mahali alipo.

Uchunguzi umeonyesha kwamba wale wa njia ya nne kwa kawaida ndio wenye afya bora ya akili, na wale wa tatu ndio wanaoumia zaidi. Karne nyingi kabla ya wataalamu, nabii Yeremia aliwaandikia mateka wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia amani mji waliohamishiwa (Yeremia 29). Lakini barua hiyo hiyo iliwaahidi kurudi kwao. Jenga nyumba, na usisahau Yerusalemu.

3. KABILA SI UKABILA

Hapa tuseme ukweli. Wazazi wengi wameacha kuwafundisha watoto lugha yao kwa makusudi. Si uvivu, ni hofu. Tuliona watu wakiulizwa kabila lao barabarani kisha wakauawa. Wengine waliambiwa katika nchi waliyozaliwa kwamba wao si wa pale. Kwa hiyo mzazi anafikiri, "Mtoto wangu asipojua, hatauawa kwa ajili hiyo." Nia ni njema. Lakini mtoto anayekua bila habari za kwao hujaza nafasi ile kwa aibu, au kwa uongo anaoupata kwa wenzake.

Kabila ni nyumba uliyozaliwa. Ukabila ni kuichoma nyumba ya jirani. Mungu anahukumu ukabila, lakini kabila halifuti. Katika Ufunuo 7:9 Yohana aliona mbele ya kiti cha enzi watu wa kila taifa, kabila na lugha. Kama lugha zetu zingekuwa dhambi, zisingefika pale. Basi katika ibada zetu, wimbo wa Kilendu na wimbo wa Kinyamulenge visikike katika kusanyiko moja, na wote waitikie Amina.

Tena si kila desturi ni ya kurudishwa. Kumwoza binti mdogo, au kumnyang'anya mjane mali ya mumewe, hiyo ni desturi inayopaswa kufa ugenini na kuzikwa huku. Neno la Mungu ndilo kipimo.

4. HUZUNI INAPOKUWA UGONJWA

Wengine husema Mkristo aliyeokoka hawezi kuugua mawazo. Lakini Zaburi 137 ni kilio cha wakimbizi kando ya mito ya Babeli, na Roho Mtakatifu ameiweka katika Biblia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika maeneo yaliyopatwa na vita, mtu 1 hivi kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Hesabu mwenyewe mabenchi ya kanisa letu.

Dalili za kuangalia ni hizi: kukosa usingizi majuma mengi, ndoto za vita zisizoisha, kutokula, hasira isiyo na sababu, kulewa, kujitenga na watu, kuacha usafi, na maneno kama "afadhali nife". Kwa mtoto: kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kunyamaza sana, au kukataa shule.

Ukiona hayo, fanya haya:

Kwanza, usimhukumu wala usimwambie ana imani ndogo. Ezekieli alipofika kwa mateka alikaa kati yao siku 7 (Ezekieli 3:15). Keti, sikiliza.

Pili, mpeleke kituo cha afya. Maombi na dawa si maadui. Aliyepewa dawa asiambiwe aache kwa sababu ameombewa, na mgonjwa asifungwe kamba wala minyororo.

Tatu, anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Ondoeni dawa za shamba na vitu vya hatari, mkatafute msaada siku ile ile.

5. DAWA ILIYO MIKONONI MWETU

Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai, hapa hapa Uganda, watu wenye huzuni nzito walikutanishwa katika vikundi vya vijiji, mara moja kwa juma kwa majuma 16. Kabla ya kuanza, wataalamu waliwauliza wanakijiji wanaitaje ugonjwa huo kwa lugha yao. Wakapewa maneno ya Kiganda, moja likiwa na maana ya kujichukia mwenyewe. Vikundi vikaongea kuhusu misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwishoni waliohudhuria walipona kwa wingi kuliko wale ambao hawakupata vikundi. Hakukuwa na jengo kubwa wala mashine. Kulikuwa na watu walioketi pamoja na kulitaja teso lao kwa lugha yao wenyewe.

Sisi tunavyo vikundi vya nyumbani tayari. Basi nyumba kwa nyumba tufanye hivi: jioni moja kila juma, mzazi aongee na watoto kwa lugha ya kwao. Awaeleze maana ya majina yao, na kijiji alichotoka kilikuwaje kabla ya vita, si habari za vita tu. Mama apike sombe pamoja na mabinti na wavulana, akisimulia. Na mtoto naye amfundishe baba maneno ya Kiingereza. Mtoto anayemtafsiria baba yake ofisini asijione mkubwa kuliko baba, na baba asione aibu kusaidiwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Jina lako lina maana gani, na ni nani aliyekupa? Je, watoto wako wanajua?
2. Katika zile njia nne, familia yako iko katika ipi leo?
3. Taja desturi moja ya kwenu ya kutunza, na moja ya kuacha kwa ajili ya Kristo.
4. Ni nani katika kikundi chenu ambaye hajaonekana majuma matatu? Nani atamtembelea kesho?

TUOMBE: Ee Mungu wa Danieli, unayeyajua majina yetu hata yakiandikwa vibaya katika kadi, uwaponye waliochoka moyoni. Utufundishe kujenga hapa bila kusahau kule. Kwa jina la Yesu. Amina.