Kabla ya Kulipa Amana ya Nyumba: Wakala Analazimika Kukueleza Nini?

Mkazi ameona nyumba ya vyumba vitatu na ameipenda. Wakala anamwambia kuna mnunuzi mwingine anayekuja kesho na pesa mkononi. Kwa hofu ya kuikosa, mkazi anatoa akiba ya miaka mingi na kutia sahihi. Miezi miwili baadaye anagundua kuwa hatimiliki iko benki kwa sababu ya mkopo, kodi ya ardhi haijalipwa kwa miaka kadhaa, na mke wa muuzaji hana habari kuwa nyumba inauzwa. Anapomrudia wakala, anajibiwa kwa neno moja: "Hukuuliza."

Huu ni mfano tu, lakini jibu hilo si geni. Makala haya yanaeleza ni wapi sheria inamlinda mnunuzi dhidi ya jibu kama hilo, na ni wapi inamwachia mzigo yeye mwenyewe.

Wakala ni wa nani?

Kwa mujibu wa Sheria ya Mawakala wa Mali Isiyohamishika, Sura ya 533, anayefanya biashara ya kuuza au kukodisha nyumba na ardhi za watu wengine sharti awe amesajiliwa na bodi inayojulikana kwa kifupi kama EARB. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa la jinai. Kwa hivyo, swali la kwanza si bei. Ni cheti cha usajili.

La pili la kukumbuka ni kwamba kwa kawaida wakala ameajiriwa na muuzaji, naye ndiye anayemlipa. Anaweza kuwa mwaminifu na mwenye heshima, lakini kazi yake ni kuuza.

Yale asiyoruhusiwa kufanya

Sheria ya mikataba hairuhusu uongo. Wakala akisema nyumba haina deni ilhali anajua ina deni, na mnunuzi akaingia katika mkataba kwa kutegemea maneno hayo, mnunuzi anaweza kwenda mahakamani kutaka mkataba ubatilishwe au alipwe fidia. Kujipatia pesa kwa ulaghai ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Nusu ya ukweli pia inahesabiwa kuwa uongo. Wakala anayesema "maji yameunganishwa" huku akijua kuwa mita iling'olewa, amempotosha mnunuzi hata kama mabomba yapo.

Muuzaji naye anapaswa kufichua kasoro za umiliki ambazo mnunuzi hawezi kuziona kwa macho.

Lakini kunyamaza kuhusu hali ya jengo ni jambo tofauti. Nyufa, paa linalovuja au choo kinachofurika msimu wa mvua, sheria inamtaka mnunuzi ajichunguzie. Hapo ndipo "hukuuliza" hupata nguvu.

Uliza, na uulize kwa maandishi

Ukiuliza swali, wakala hawezi tena kujificha nyuma ya ukimya. Atasema kweli, atakataa kujibu, au atasema uongo ambao utabaki kuwa ushahidi. Tuma maswali haya kwa barua au ujumbe, na uhifadhi majibu:

1. Je, mali hii ina mkopo, zuio au kesi mahakamani? Kisha fanya upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi wewe mwenyewe au kupitia wakili wako.
2. Je, mume au mke wa muuzaji amekubali? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inalinda nyumba ya familia isiuzwe bila idhini ya wote wawili.
3. Je, kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa? Bila cheti cha malipo, uhamisho hausajiliwi.
4. Je, ramani ya jengo iliidhinishwa na kaunti? Omba nakala, kisha uithibitishe katika idara ya mipango.
5. Kama ni ardhi ya kukodi, imebakisha miaka mingapi? Kama ni ardhi ya kilimo, je, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi itaombwa?
6. Ardhi hii ilitoka wapi kabla ya muuzaji?

Swali la sita lina uzito wake. Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi kati ya kampuni iliyonunua kiwanja Nyali na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa na hatimiliki, lakini ardhi ilikuwa ya umma na haikutolewa kwa utaratibu wa sheria tangu mwanzo. Mahakama ilisema kununua kwa nia njema hakuwezi kuitakasa hati ya namna hiyo. Kampuni ilipoteza kiwanja.

Kabla ya pesa kutoka

Mkataba wa kuuza ardhi sharti uandikwe, utiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Ahadi za mdomo ziingizwe humo. Amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, ipitie kwa mawakili, si kwenye simu ya wakala.

Ukidanganywa, peleka malalamiko kwa bodi ya mawakala, na ikiwa kuna ulaghai, piga ripoti polisi ukiwa na ujumbe na risiti zako. Na wakala akikuharakisha ulipe kabla ya kujibu maswali hayo sita, usilipe. Nyumba nyingine itapatikana. Akiba ya maisha ni vigumu kuirudisha.